Wauzaji wa simu nao wabishe hodi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo nimelivumilia kwa muda mrefu na sasa limenifika shingoni.

Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama kwenye gati la Mokowe nikiwateremsha abiria katika mashua yangu, mkono mmoja umeshika kamba na wa pili umempokea mama aliyebeba mtoto, simu ilipolia mfukoni. Nambari sikuijua. Nilimkabidhi kijana wangu kamba, nikamwomba mama yule asubiri kidogo, nikaipokea kwa kudhani ni mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Manda na anatafuta chombo cha kumvusha. Alikuwa binti mwenye sauti ya upole, anazungumza kutoka Nairobi, ananiita kwa majina yangu matatu kama yalivyoandikwa kwenye kitambulisho, na ananipa habari njema kwamba mimi ni miongoni mwa watu wachache waliochaguliwa kuuziwa viwanja kwa bei ya punguzo. Nikamuuliza viwanja hivyo viko wapi. Akaniambia viko Lamu, mahali panapoitwa Hindi, mwendo mfupi kutoka bandari mpya, na akaanza kunieleza kwa utaratibu Lamu ni mahali gani na watu wake ni wakarimu kiasi gani. Hindi, Mhariri, ni bara hiyo hiyo niliyokuwa nimesimama, safari ya bodaboda isiyomaliza hadithi.

Nilicheka, ingawa sisi wa huku tuna sababu za kucheka na za kulia pia tunapouziwa ardhi ya kwetu kwa simu kutoka mbali. La ardhi lina barua yake, na si hii.

Kilichonikereketa si kiwanja wala bei, bali yale majina matatu. Jina la babu yangu hulijua watu wa mtaa wetu wa Langoni na karani aliyeniandikia kitambulisho. Abiria wangu huniita Nahodha, na wengi wao hawana haja ya jina jingine. Nilipomuuliza binti yule amelipata wapi, pamoja na nambari yangu, alisita, kisha akajibu kwamba viko kwenye mfumo. Nikamuuliza ni nani aliyeviweka kwenye huo mfumo. Akanishukuru kwa muda wangu na kunitakia siku njema, simu ikakatika, na mama wa watu bado yuko kwenye ngazi ya gati ananitazama.

Najua jibu ambalo wengi hulitoa mtu akilalamika juu ya simu za namna hii. Huambiwa asipokee nambari asiyoijua, au aifungie, mambo yaishe. Ushauri huo unamfaa mtu wa mshahara, ambaye simu yake ikilia au isilie mwisho wa mwezi utafika vile vile. Sisi tunaoishi kwa kuitwa hatuna nafasi hiyo. Mwenye mashua, mwenye nyumba ya wageni, fundi wa kuchonga milango, mama anayepika chakula cha arusi, kijana wa punda anayepandisha mawe na saruji kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti, wote hawa riziki yao huja kwa nambari wasiyoijua. Nambari ninayoijua ni ya mtu ambaye nimeshamvusha. Anayenihitaji leo kwa mara ya kwanza hana njia nyingine ya kunifikia ila kuwa mgeni kwenye simu yangu, na kila muuzaji wa mikopo na bima amejificha ndani ya ugeni huo huo.

Tena si riziki peke yake. Binti yangu aliolewa Siyu, na siku aliyoshikwa na uchungu mkwe wangu alinitumia neno kwamba simu yake inazima chaji, hivyo atanipigia kwa simu ya mtu yeyote atakayemkuta. Tuliketi nyumbani tangu alasiri, mimi na mamake, simu imewekwa juu ya mkeka katikati yetu kama mgonjwa. Baada ya magharibi ikalia. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, inayotangaza kwamba nimefaulu kupata mkopo na nibonyeze moja niendelee. Muda si muda ukaingia ujumbe wa kucheza kamari ya mpira. Ilipolia tena karibu na isha mke wangu alikuwa amekwisha kusimama kwa hofu, nami nusura niikate kwa hasira, maana nambari ilikuwa ngeni kama ile ya kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa na habari yenyewe: mtoto wa kike, na wote wawili salama. Aliyeitunga ile sauti ya mkopo hakutukusudia ubaya, na najua hivyo. Lakini yeye ndiye aliyeamua kuingia nyumbani mwetu saa ile, na hakuna aliyempa ruhusa.

Zamani taka za aina hii zilikuja kwa posta. Waliokuwa na sanduku pale Lamu, 80500, watakumbuka bahasha zenye rangi zilizotoka ng'ambo kuwaambia kwamba wameteuliwa kushinda zawadi kubwa ikiwa wataagiza kwanza vitabu fulani. Bahasha hizo zilikuwa na adabu moja ambayo simu haina, kwamba zilikungoja. Ulikwenda kwenye sanduku siku uliyotaka, ukaitoa barua ya ndugu yako aliyeko Maskati, na zile nyingine ukampa mwenye duka afungie bisi. Barua pepe nazo zina kapu lake la taka, na mtu huzifuta kwa wakati wake. Simu haingoji, na ndiyo sababu nimeamua kuandika juu yake zaidi ya hizo nyingine.

Nimekaa nikijiuliza nambari hizi hutoka wapi, na kadiri ninavyohesabu ndivyo ninavyoona kwamba tumezimwaga wenyewe kama pumba, mara nyingi bila ya kuwa na hiari. Ukikata tikiti ya basi la kwenda Mombasa, karani huandika jina lako, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu katika kitabu cha kurasa ndefu, na safari ina sababu zake za usalama ambazo sisi wa barabara hii tunazielewa kuliko mtu yeyote. Ukifika Mombasa ukiingia katika jumba lenye ofisi, mlinzi hukusukumia daftari jingine, kalamu imefungwa kwa uzi, nawe unajaza jina, kitambulisho, simu, unakotoka na unayekwenda kumwona. Wakati unaandika, unasoma bila kutaka ya waliokutangulia: fulani bin fulani, simu yake hii, amekuja saa tatu na robo kuonana na wakili. Mimi mwenyewe siku moja nilimkuta humo mtu ninayemjua, nikajua kwamba ana kesi kabla ya mkewe kujua. Daftari lile likijaa huenda wapi? Nilimuuliza mlinzi. Akanionyesha rundo chini ya meza, la juu kabisa limewekewa sufuria ya chai.

Sisemi kwamba mlinzi yule huuza majina. Nasema kwamba akitaka mtu kuyapata, hana kufuli la kuvunja. Na hapo sijataja fomu za bahati nasibu madukani, picha za vitambulisho tunazoziacha katika vibanda vya intaneti, makundi ya WhatsApp ya harusi na michango ambamo nambari za watu mia mbili hulala wazi, wala programu za mikopo ambazo zamani zilikuwa zikisoma orodha nzima ya watu walio katika simu ya mkopaji. Kwa hizo za mwisho nimeonja mwenyewe: jamaa yangu alikopa, akachelewa kulipa, nikapigiwa mimi nikitukanwa kwa deni ambalo sikulijua. Benki Kuu ilitoa kanuni mwaka 2022 zinazowakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwapigia watu waliomo katika simu ya mdaiwa na kutumia vitisho na matusi, na kwa kweli matusi yamepungua kwangu. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha kwamba mwenye mamlaka akisema jambo kwa uwazi, husikika.

Orodha hizi pia hazibagui dini wala siasa. Mnamo Juni 2021 Wakenya wengi walipofungua tovuti ya serikali walikuta majina yao yameandikishwa kama wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo, na waliokuwa wakiulizana barazani kwetu imekuwaje hawakuwa wachache. Katika kampeni za 2022 nilitumiwa jumbe na wagombea wa kaunti ambazo sijawahi hata kupita, wananiita kwa jina na kuniomba kura ambayo sina ya kuwapa. Mwanasiasa anayetumia orodha aliyoiokota njiani atakuwa na uso gani wa kumkemea muuza viwanja? Uchaguzi wa 2027 unakuja, na ningependa mgombea atakayetaka kura yangu aanze kwa kuniambia nambari yangu ameipata wapi.

Sheria tunayo, Mhariri, na si sheria mbaya. Katiba ya 2010 katika Kifungu cha 31 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwamo faragha ya mawasiliano yake na ya kutotakiwa habari za familia yake au za mambo yake binafsi bila ya ulazima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ikaja kuifafanua haki hiyo, na mwaka uliofuata akaapishwa Kamishna wa Data wa kwanza, Bi. Immaculate Kassait. Niliisoma sheria hiyo kwa msaada wa mpwa wangu anayesoma chuo, jioni tatu mfululizo, na nilichokikuta kilinishangaza, maana nilikuwa nikidhani kwamba mtu anayeniuzia kitu kwa simu ananiudhi tu, kumbe mara nyingi anavunja sheria. Kifungu cha 37 kinakataza mtu kutumia taarifa zangu binafsi kwa biashara ikiwa hakupata ridhaa yangu ya wazi au hakuruhusiwa na sheria iliyoandikwa. Na Kifungu cha 32 ndicho kilichonifanya niinuke kwenye kiti: mwenye kuzitumia taarifa hizo ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba niliridhia, nami naweza kuiondoa ridhaa yangu wakati wowote.

Yaani yule binti wa viwanja hakuwa na haki ya kunijibu kwamba niko kwenye mfumo. Ilikuwa juu yake, au juu ya waliomwajiri, kunionyesha siku na mahali niliposema ndiyo. Mambo yalivyo sasa yamegeuzwa kichwa chini, miguu juu. Mimi ndiye ninayehangaika kufungia nambari, kubonyeza nyota na tarakimu, kueleza kwa adabu kwamba sitaki, na kueleza tena wiki inayofuata kwa sauti nyingine ya kampuni ile ile, ilhali anayepiga hana anachotakiwa kuthibitisha kwa yeyote mpaka siku mtu atakapomshitaki.

Wazee waliojenga Lamu waliliwekea jambo hili mahali pake. Nyumba ya mawe ya kwetu haimfikishi mgeni ndani kwa hatua moja. Kuna daka kwanza, pale mlangoni penye viti vya mawe pande mbili, ambapo mchuuzi, mjumbe na mtu asiyejulikana huketi na kupewa maji, na shughuli zao nyingi huishia hapo hapo. Ndipo ije tekani, ukumbi mdogo nyuma ya mlango, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha misana, vyumba virefu vya kukaa, na ndani kabisa ni pa wenyewe. Anayekuja hubisha hodi, na hodi ina hesabu yake: akiita mara tatu asijibiwe, hugeuka akaenda zake, wala hakuna aliyetukanwa. Haya si mila tu, kwani Sura ya An-Nur inatufundisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Mchuuzi wa samaki anayepita mtaani kwetu na kuimba bidhaa yake hajawahi kuniudhi hata siku moja. Yeye hutangaza nje. Simu haina daka, na huyu muuzaji mpya akishapata tarakimu zangu huanzia ndani, penye kitanda.

Wapo watakaosema kwamba vijana hawa wa simu nao wanatafuta riziki, na hilo sina ubishi nalo. Binti yule alikuwa na adabu kuliko wateja wangu wengi, na bila shaka alikuwa amepewa karatasi yenye majina mia na kuambiwa asiondoke mpaka aimalize. Ndiyo maana simtukani anayepiga, na naomba wasomaji wenzangu wasiwatukane. Ugomvi wangu ni na aliyeiandaa karatasi.

Kuna madhara mengine ambayo kwangu mimi ni makubwa kuliko kero. Kampuni halali inapompigia mtu kwa nambari ya kawaida, ikamwita kwa majina yake yote na kumwambia amechaguliwa, huwa inamfanyia tapeli kazi yake ya maandalizi. Bibi mmoja jirani yangu, ambaye jumbe zake husomewa na mjukuu, amekwisha kuzoea kwamba watu asiowajua wanalijua jina lake na wana jambo zuri la kumpa. Siku alipopigiwa na mtu aliyejifanya wa kampuni ya simu, akamwambia kuna pesa zimeingia kwake kimakosa na azirudishe, aliona ni simu kama nyingine, na akazituma akiba zake za miezi minne. Angejuaje? Safaricom imetangaza mara nyingi kwamba huwapigia wateja wake kwa nambari moja tu, 0722 000 000, na kwamba ujumbe wa ulaghai upelekwe kwa 333 bila malipo. Huo ni utaratibu mzuri, na mjukuu sasa amemfundisha bibi yake, ingawa akiba haikurudi. Lakini ni nambari ya kampuni moja. Benki, bima, wauza viwanja, wauza sola na wakopeshaji kila mmoja hupiga kwa nambari yoyote aliyoamka nayo, na mwizi hupiga kutoka katika kundi hilo hilo bila ya kuonekana.

Nchi nyingine zimelipatia jambo hili utaratibu, nasi tunaweza kuuangalia bila ya kuuabudu. Marekani mwaka 2003 ilifungua daftari la kitaifa ambamo mwenye simu huandikisha nambari yake mara moja, na wauzaji wa simu hutakiwa wasiipige. Leo lina zaidi ya nambari milioni 200. Daftari hilo halijawazuia matapeli, kwa kuwa tapeli hasomi madaftari, ila limewawekea wafanyabiashara halali mpaka unaojulikana. India, ambako watu wetu wengi wamekwenda kwa matibabu, mwenye simu hutuma ujumbe au hupiga kwa 1909 akaeleza kwamba hataki matangazo, au anataka ya aina fulani peke yake, na wauzaji wametengewa nambari zinazoanza na 140, hivyo simu ikilia mtu hutazama na kujua ni muuzaji kabla hajaipokea. Hili la pili ndilo ninalolitamani zaidi. Muuzaji akiwa na nambari ya uuzaji, nahodha aliyeshika kamba atajua aache simu ilie, na baba anayengojea habari ya mwanawe hatashtuka bure.

Kwetu mwenye simu hujitoa kwenye kampuni moja baada ya nyingine, kama mtu anayechota maji ya bahari kwa kifuu. Jumbe nyingi za matangazo katika laini za Safaricom huishia na maelezo ya kubonyeza *456*9*5# ili kuzisimamisha, nami nimebonyeza na zimepungua. Msimbo huo hata hivyo hauwezi kuizuia simu ya mtu anayepiga kutoka kwenye laini ya kawaida, na hizo ndizo zinazotuinua kwenye chakula. Kanuni za mawasiliano za kumlinda mtumiaji, zilizotolewa mwaka 2010, ziliweka msingi kwamba matangazo ya moja kwa moja yanayotumwa kwa mitambo yawafikie wale tu waliokubali kabla. Msingi huo una miaka zaidi ya kumi, na sasa Mamlaka ya Mawasiliano ina nguvu ya kuujengea nyumba: nambari maalumu kwa kila anayeuza kwa simu, na mahali pamoja pa mwananchi kusema hapana mara moja ikasikika kote.

Kwa Kamishna wa Data nina ombi la namna nyingine. Ofisi yake haijalala. Mwaka 2023 iliwatoza faini mkopeshaji mmoja wa kidijitali, sehemu moja ya starehe na shule moja kwa kutumia taarifa na picha za watu kinyume cha sheria, na shule peke yake ilitozwa KSh 4,550,000. Nilifurahi niliposoma. Lakini adhabu ya juu kabisa inayoweza kutolewa na ofisi hiyo ni shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kiasi kitakachokuwa kidogo kati ya hivyo viwili. Nilimwomba mpwa wangu anisomee tena nikidhani amekosea neno. Hakukosea. Kampuni kubwa kuliko zote nchini haiwezi kutozwa zaidi ya milioni tano, na kwa anayepiga simu laki moja kwa siku hiyo ni gharama ya biashara kama karatasi na chai. Wabunge wetu wa pwani, ambao nao wana nambari zetu, wanaweza kulitazama neno hilo moja.

Na ninaomba ofisi hiyo itufuate huku visiwani. Sheria inaruhusu malalamiko yatolewe kwa mdomo na yaandikwe na ofisi yenyewe, na inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku tisini. Wangapi Faza, Kizingitini au Ndau wanalijua hilo? Sijakutana hata na mmoja. Kuja siku moja kila baada ya miezi michache, wakaketi pale Mkunguni mbele ya ngome, na mtu wa kuandika anayekifahamu Kiswahili, kungewafaa watu zaidi ya matangazo mengi ya runinga.

Mimi kwa sasa nimejiwekea utaratibu wangu. Katika daftari ninaloandikia abiria na mafuta, kurasa za nyuma nimezitenga kwa simu hizi. Naandika siku, saa, nambari, jina la kampuni kama alivyolitaja mwenyewe, na jibu la swali moja: ridhaa yangu mnayo wapi? Sipandishi sauti. Akishindwa kunijibu namwambia kwamba naiondoa ridhaa hata kama ilikuwapo, na kwamba nataka nambari yangu ifutwe, kisha naandika kwamba nimesema hivyo. Wengi hukata simu nikifika kwenye neno ridhaa. Mmoja, mvulana wa bima, alinyamaza kidogo akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumwelekeza hiyo sheria inapatikana wapi, kwa sababu naye hupigiwa usiku. Nilimwelekeza. Kampuni mbili zimeniandikia kwamba wamenifuta, moja ikanipigia tena baada ya wiki kuniuliza kama nimeridhika na huduma ya kufutwa.

Kurasa hizo sasa ni mbili na nusu. Jumatatu ijayo, maji yakijaa asubuhi na nikipata mtu wa kunishikia chombo, mimi na mpwa wangu tutaketi tuyapeleke malalamiko ya kwanza kwa Kamishna kupitia mtandao, kuanzia na yule wa viwanja vya Hindi, nami nitaanza kuzihesabu siku tisini.

Jina langu kamili na nambari ya simu nimevitia katika bahasha hii ili ujue kwamba aliyeandika yupo. Naomba visichapishwe, na barua ikishatoka, naomba karatasi ile ichanwe.

Mwenye mashua,
Langoni, Lamu